Sweta Kiunoni

Hotuba kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi ya bweni, Busia, Uganda, muhula wa tatu

Bwana mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazee wetu mliokaa pale kivulini, wazazi wote, hamjambo. Wengi mnanijua kwa jina la sista, na wapo wanaoniita musawo, yaani mganga wa hospitali, hadi leo ingawa nimeshastaafu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne. Kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa katika chumba cha wagonjwa cha shule ya bweni, si hii. Nitasema Kiswahili kwa sababu humu kuna Wasamia, Wateso, Wasoga na Waganda, na wapo waliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Busia ya upande wa Kenya. Hii ndiyo lugha tunayouziana nayo nyanya na kupatania nayo tukigombana.

Mwalimu mkuu alinialika nizungumzie afya ya watoto kabla ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nikamwomba niache malaria na minyoo kwa leo, nizungumzie mkojo. Mkojo unaotoka kwa hofu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sista, wewe sema tu." Namshukuru sana kwa hilo.

Nitaanza na baba yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nina umri wa miaka tisa. Tulikuwa tunatoka Jinja kuja huku kwa basi. Baba alilipia kiti kimoja, kwa hiyo mimi nilikaa mapajani mwake. Alikuwa mwalimu, mrefu, mwenye sauti nzito. Akikohoa barazani, watoto wa nyumba tatu wananyamaza. Njiani tukakuta rodi bloki. Wazee wenzangu mnazikumbuka. Basi likasimama, injini ikazimwa, askari wawili wakapanda. Aliyekuja upande wetu alikuwa kijana tu, macho mekundu. Alikuwa anarudia neno moja, kiti kwa kiti: "Kitambulisho. Kitambulisho."

Baba akapapasa mfuko wa shati. Hamna. Kilikuwa mfuko wa suruali, na mimi ndiye niliyekikalia. Yule askari akaona mkono unatafuta na hautoi kitu, akauelekeza mtutu wa bunduki kifuani mwa baba. Hakupiga kelele hata kidogo. Na hapo nikahisi joto chini yangu. Nilidhani ni mimi. Nikajigusa gauni, limelowa kwa nyuma, lakini mimi sikuwa nimekojoa, najua sikuwa nimekojoa.

Kitambulisho kikapatikana. Kijana akakisoma, akakirudisha, akaenda kiti kingine. Basi lilipoondoka baba alivua sweta lake, la rangi ya kahawia, mama alilomfumia kwa mkono, akanifunga mimi kiunoni. Tuliposhuka alitembea nyuma yangu akiwa amebeba mkoba mbele ya suruali. Mama alipoliona gauni akauliza kulikoni, baba akajibu, "Mtoto amejikojolea njiani."

Sikusema neno. Ndugu zangu walinicheka wiki nzima. Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, tukazungumza mambo mengi, lakini hilo hatukuligusa hata mara moja. Simlaumu. Nililia sana siku nilipoelewa, lakini si kwa kumlaumu.

Kwa watu wa rika lake, Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na majeshi yaliyofuata yakakirithi. Baraza la Mawaziri liliporidhia mwezi wa saba mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, niliona wazee wakikunja uso, na nilijua wanasikia sauti gani masikioni. Mwili hautunzi kumbukumbu kwa maneno peke yake. Neno moja tu likisemwa kwa namna fulani, tumbo linasokota.

Sasa nini kilitokea kwenye kile kiti cha basi?

Figo za mtu mzima hutengeneza lita moja hadi mbili za mkojo kwa siku, tone kwa tone, usiku na mchana. Mkojo huo hushuka kwenye kibofu, ambacho ni mfuko wa msuli. Cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500. Kwa mtoto tuna hesabu yetu: chukua umri wake, ongeza moja, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka tisa anapata mililita 300, yaani chupa moja ya soda. Mtoto wa miaka sita anapata 210. Ikumbukeni chupa hiyo mnapomwambia mtoto avumilie kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana.

Kibofu kina milango miwili. Wa ndani hatuuamrishi sisi, unajifunga na kujifungua wenyewe. Wa nje ndio mtoto anaojifunza kuubana anapoacha nepi. Amri ya kukojoa inatoka juu, kwenye shina la ubongo, mahali ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Hapo pana kituo kidogo kinachotoa amri mbili kwa pamoja: msuli wa kibofu ubane, milango ifunguke. Daktari mmoja wa Uingereza, Barrington, ndiye aliyekionyesha mwaka 1925 kwa kuwachunguza paka. Na juu ya kituo hicho kuna msimamizi, sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso. Kazi ya msimamizi huyu ni kusema: bado, subiri, hapa si mahali. Hiyo ndiyo sehemu ya ubongo inayochelewa kukomaa kuliko zote, mpaka mtu apite miaka ishirini. Mtoto wa darasa la tatu ana msimamizi mchanga sana.

Hofu ikiingia, mwili humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, viganja vinatoka jasho. Na kibofu? Hapa watu hushangaa. Neva zinazotuandaa kukimbia hatari hukilegeza kibofu na kuukaza mlango wa ndani, kwa sababu anayekimbia hana nafasi ya kukojoa. Ndiyo maana mgonjwa ukimpa kikopo cha maabara na kumwambia foleni inamsubiri, anasimama chooni robo saa na hakitoki kitu. Wapo watu, na si wachache, ambao hawawezi kabisa kukojoa kama kuna mtu karibu. Hali hiyo ilipewa jina na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1954, inaitwa paruresisi. Mtoto wa namna hiyo ukimpeleka kwenye choo kisicho na mlango, na wenzake kumi wamesimama nje wanagonga ukuta kwa fimbo, atarudi darasani na mkojo wake wote.

Kwa hiyo hofu ya kadiri hufunga. Lakini mtoto huyohuyo anakuomba ruhusa ya kwenda msalani kila baada ya dakika kumi, na mwalimu anaona anachezewa. Hachezewi. Mtu akiwa na wasiwasi, anabana taya, anabana mabega, na bila kujua anabana misuli ya chini ya nyonga. Misuli iliyobanwa muda mrefu huchoka na huleta hisia ya haja. Halafu ubongo wenye wasiwasi ni kama mlinzi wa usiku aliyeambiwa kuna wezi mtaani: jani likianguka, anasimama. Kibofu chenye nusu glasi kinatuma salamu ndogo tu, mlinzi anaisikia kama kengele ya moto. Ongezeni baridi ya asubuhi, ambayo huifanya damu ikimbilie ndani ya mwili na figo zitoe mkojo zaidi. Ongezeni vikombe viwili vya chai ya rangi. Hapo mna darasa zima la saba limejipanga mlango wa choo dakika tano kabla ya mtihani.

Hofu kubwa, ile ya ghafla, ya kifo usoni, hiyo ni kitu kingine. Hapo sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulika na hatari hushika usukani. Msimamizi wa paji la uso hasikilizwi. Sehemu hizo zimeunganishwa na kile kituo cha shina la ubongo, na amri inatoka bila mtu kuulizwa. Ni sekunde mbili tatu. Ujasiri wa mtu hauna mahali pa kuingia hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani liliwauliza askari wake waliopigana mambo yaliyowapata miilini wakiwa vitani, na wapo waliokiri wazi kwamba walijikojolea. Hao ni wanaume waliofunzwa, wenye silaha mikononi. Baba yangu alikuwa na mtoto mapajani na mkono usioona mfuko.

Basi tuje shuleni.

Katika ile shule niliyofanya kazi kulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyekuwa akija kwangu analalamika tumbo. Nampima, halina kitu. Nampa maji, anakataa. Nikaanza kuandika siku anazokuja. Jumanne na Alhamisi, Jumanne na Alhamisi, mara zote kabla ya mapumziko ya asubuhi. Nikaenda kutazama ratiba iliyobandikwa ukutani: siku hizo, saa hiyo, ilikuwa hesabu za kichwa, zile ambazo mwalimu anapita kati ya madeski na fimbo, anauliza, na ukikosa unajua mwenyewe.

Wiki ya tatu alikuja saa nane mchana. Jua la mwezi wa pili mnalijua. Bati lilikuwa linalia. Na yeye amefunga sweta la shule kiunoni, mafundo matatu. Nilikaa nikalitazama lile sweta. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo sweta tulifungue pamoja, mlango nimeufunga." Hakujibu, ila aliinua mikono kidogo ili nifungue. Kaptura ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena, hata ina mistari myeupe ya chumvi, mmoja ndani ya mwingine, kama ramani ya ziwa. Midomo imepasuka. Nilipompa chupa akojoe, mkojo ulitoka kidogo, rangi ya chai iliyokolea.

Akaniambia mbinu yake. Alikuwa hanywi maji tangu anapoamka. Uji wa asubuhi anampa rafiki yake. Alikuwa na miaka kumi na alikuwa ameamua kukauka ili asiaibike.

Mbinu hiyo, wazazi, watoto wengi sana wanayo, na wasichana zaidi. Na inawaumiza mara mbili. Mkojo ukiwa mzito unakikera kibofu chenyewe, kinazidi kujibana kikiwa na kidogo tu. Halafu kibofu kisichosafishwa na maji mara kwa mara huwapa bakteria nafasi ya kukaa na kuzaana. Mtoto anaishia na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nayo humfanya akojoe mara kwa mara na kushindwa kujizuia. Anakunywa maji kidogo zaidi. Mnaona alivyozungukwa.

Nilikwenda kwa mwalimu wake jioni. Nataka mnisikie vizuri: hakuwa mtu mbaya. Wazazi walimpenda, darasa lake lilikuwa linafaulu. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi hivi. Alisikiliza, akaniuliza swali moja: "Kwa hiyo nikimpiga kwa kujikojolea, nafanya nini hasa?" Nikamwambia unamwongezea ileile iliyomkojoza. Alikaa kimya muda mrefu.

Tukakubaliana mambo machache. Mvulana akahamishwa akakae karibu na mlango. Akapewa ruhusa ya kutoka bila kunyoosha kidole, atoke tu na arudi. Fimbo ikabaki ofisini. Maji akawa anakunywa kwangu, kikombe asubuhi, kikombe mapumziko, kikombe mchana, na kila akimaliza kipindi kimoja anakwenda chooni hata kama hana haja sana. Ilichukua kama wiki tano. Mara mbili alilowa tena, tukabadilisha kaptura tukaendelea. Siku moja alikuja mbio, kidole cha mguu kinavuja damu, kaupiga mpira akapiga na jiwe. Nilimfunga kile kidole, akaondoka, na alipofika mlangoni ndipo nilipotambua kwamba hana sweta.

Kuhusu fimbo sitasema mengi, kwa sababu sheria imeshasema. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko katika shule za Uganda. Kila aliye hapa anajua kama inafuatwa au haifuatwi. Mimi naomba mtu yeyote anayedhani fimbo humfundisha mtoto kujizuia akumbuke lile basi.

Sasa godoro. Hili linaniuma zaidi.

Nimeona kwa macho yangu mtoto akipita mbele ya mstari wa asubuhi na godoro kichwani, mkojo unamdondokea shingoni, shule nzima inaimba. Tuliokua katika bweni tunaujua wimbo, siurudii hapa. Kukojoa kitandani usingizini ni jambo tofauti na lile la hofu ya ghafla, ila mara nyingi yanakutana. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 hivi bado wanakojoa kitandani. Kila mwaka unaopita, kama mmoja kati ya saba wa hao anaacha wenyewe, bila dawa wala viboko. Wakifika miaka 15 wamebaki mmoja au wawili katika mia. Wengine wanalala usingizi mzito mno, kibofu kinaita na hakuna anayepokea. Wengine mwili wao bado haujaanza kutoa vya kutosha ile homoni ya kupunguza mkojo usiku. Wengine ni choo kigumu: posho, yaani ugali, na maharage kila siku, mboga kidogo, maji kidogo, utumbo unajaa unakikandamiza kibofu kilicho mbele yake. Mtoto wa namna hiyo ukimtibu choo kigumu, mara nyingi na kitanda kinakauka.

Na jambo hili linatembea katika damu. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi utotoni, nafasi ya mtoto wake kuwa hivyo ni kama 44 katika mia. Wazazi wote wawili, ni 77. Najua kwamba ninapotaja tarakimu hizi kuna baba na mama humu wanaotazama chini. Msitazame chini. Ila nawaomba jambo gumu. Nimewaona wazazi wakali kuliko wote kwa mtoto anayekojoa kitandani, na nikikaa nao faragha naambiwa, "Sista, hata mimi nilikuwa hivyo, niliacha nikiwa darasa la saba." Mtu anampiga mtoto kwa aibu yake mwenyewe ya zamani. Anamfunga sweta lake. Nenda nyumbani leo mwambie mwanao kwamba na wewe ulikojoa kitandani, kwamba ulikuwa unaamka usiku unageuza godoro kimyakimya, na kwamba iliisha. Mimi ningelitoa kila nilicho nacho kusikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa baba.

Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi halafu akaanza upya, huyo tumtazame kwa makini. Uliza nini kimebadilika. Amefiwa? Wazazi wameachana? Amehamia bweni jipya? Anaogopa njia ya kwenda chooni usiku? Choo kiko mita mia moja, giza, nyasi ndefu, na mnamwambia mtoto wa miaka saba aende peke yake. Ndoo yenye mfuniko ndani ya bweni, na taa moja ya sola mlangoni, zinaokoa magodoro mengi.

Na uliza swali ambalo hatupendi kuuliza: kuna mtu mzima anayemgusa? Mtoto anayedhulumiwa mara nyingi hana maneno, lakini mwili unasema. Serikali ina namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, bila malipo, na jina lake ni neno letu la Kiswahili, Sauti. Iandikeni ukutani, mahali mtoto anapoweza kuisoma akiwa peke yake.

Pia si kila mkojo unaotoka ni hofu. Mtoto anayekojoa sana, anakunywa maji kama ng'ombe na bado anakonda, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo wapime sukari. Mkojo unaochoma, wenye damu, au wenye homa pamoja nao, msingoje. Na kina mama, niruhusuni niseme na ninyi. Mwanamke ambaye mkojo unamvuja mchana na usiku bila kukoma baada ya uchungu wa kuzaa uliokaa muda mrefu, huyo hana woga na hajalogwa. Ana fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na linashonwa. Linashonwa hospitali ya Mulago kule Kampala, linashonwa Kitovu kule Masaka, na Soroti kuna hospitali nzima ya Terrewode iliyojengwa kwa ajili ya wanawake hawa. Kama unamjua mmoja aliyejificha nyumba ya nyuma kwa sababu ya harufu, mfikishieni habari hii jioni ya leo.

Narudi kwenye PLE, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Kila karatasi inachukua zaidi ya saa mbili. Mtoto anakaa mbele ya msimamizi wa mtihani asiyemjua, bahasha za UNEB, baraza la mitihani la taifa, zinafunguliwa mbele yake, hakuna anayetabasamu. Ni hofu ya kadiri, na hofu hiyo tunaiweza. Msimnyime maji. Mpeni uji mapema, maji kikombe, chai aiache hadi jioni. Aende chooni mara moja nusu saa kabla na mara moja kabla ya kuingia, inatosha. Akienda mara sita anakifundisha kibofu kuita kikiwa kitupu.

Akiwa ndani na haja ikaja ghafla, asikurupuke. Nyie wa Majanji mnaoingia ziwani mnajua wimbi. Haliji likabaki juu, linapanda na linashuka. Haja ya mkojo inayoletwa na wasiwasi iko hivyohivyo. Mfundisheni kuanzia leo, si siku ya mtihani: aweke kalamu chini, miguu yote miwili sakafuni, abane ile misuli ya chini, ile unayoibana ukitaka kukata mkojo katikati. Abane na kuachia haraka mara tano au sita, kisha atoe pumzi polepole kwa mdomo kama anayepuliza uji wa moto. Kubana huko kunakipelekea kibofu habari kwamba kitulie. Pumzi ndefu ya kutoka nje inaupunguza moyo mbio. Wimbi linashuka kwa dakika moja hivi. Lisiposhuka, ana haja ya kweli. Basi anyooshe mkono aende, na ninyi walimu zungumzeni na wasimamizi mapema ili jambo hilo lisiwe tamthilia mbele ya watu wote.

Mwalimu mkuu, nakuomba mbele ya kamati. Nimevitembelea vyoo asubuhi. Kiwango cha wizara ni wanafunzi 40 kwa tundu moja. Nilihesabu matundu, nikaiangalia idadi ya watoto ubaoni kwako, na hesabu tumeshaifanya mimi na wewe ofisini, kwa hiyo sitaitaja. Lakini milango miwili upande wa wasichana haina komeo, na mmoja una kufuli ambayo ufunguo wake anakaa nao mwalimu wa zamu. Komeo ni shilingi chache. Wazazi mliomo humu kuna seremala watatu, nimewaona kwa macho yangu. Na ile kufuli ing'olewe. Mtoto mwenye hofu hawezi kwenda kumwomba mtu mzima ufunguo wa choo, atakwenda kutafuta sweta.

Sitakaa kwenye meza kuu tena. Nitakuwa chini ya ule mwembe, nyuma ya jiko, hadi saa kumi na moja jioni. Nimekuja na viti viwili tu na nimeviweka mbali na watu. Kama una swali lisilofaa kipaza sauti, la mtoto au lako mwenyewe, njoo. Ukija na mtoto, mwache akae karibu na mimi, na wewe utuachie dakika kumi.